Modemu na printa za "Windows tu" kwenye kompyuta ya Linux: jaribu haya kabla hujakubali ifutwe

Umenunua modemu ya USB sokoni. Muuzaji aliichomeka kwenye kompyuta yake, intaneti ikafunguka mbele ya macho yako, ukalipa. Ulipofika nyumbani ukaichomeka kwenye laptopu yako, ile iliyotoka shuleni au kwenye msaada, yenye Ubuntu au Linux Mint. Badala ya intaneti, ikatokea picha ndogo ya CD. Ndani yake kuna faili linaloitwa setup.exe au AutoRun.exe. Unabofya, hakuna kinachotokea. Unarudi sokoni, na fundi wa kwanza unayemuuliza anakujibu: "Hiyo Linux haifai. Niachie hapa, jioni utaikuta na Windows."

Usimwachie bado. Jirani yangu mwenye kibanda cha kuchapisha alimwachia fundi kompyuta kwa sababu ya printa moja. Ndani kulikuwa na nakala za vyeti vya shule, barua za maombi ya ufadhili na picha za pasipoti za wateja wa miezi mingi. Fundi hakuuliza, na jirani hakujua kwamba kuweka mfumo mwingine mara nyingi ni kufuta diski nzima. Mama mmoja alikuja kutafuta nakala ya cheti cha mtoto wake, kwa kuwa karatasi yenyewe ilikuwa imelowa mvua, akaambiwa haipo tena. Na hiyo Windows yenyewe ilitoka kwenye flashi iliyokwisha kupita kwenye kompyuta nyingi za watu. Haikupita muda, kila flashi ya mteja iliyochomekwa pale ilirudi nyumbani na virusi.

Modemu nyingi, na printa nyingi zaidi ya unavyodhani, hufanya kazi kwenye Linux bila hata kulifungua lile faili la .exe. Hapa nitaeleza jinsi ya kujua kama chako ni mojawapo, na la kufanya ukikuta sivyo.

Draiva ni mkalimani

Fikiria siku ya mahojiano ofisini. Wewe unasema Kiswahili, afisa anasema Kiingereza, na katikati anakaa mkalimani. Kwenye kompyuta, draiva ndiyo mkalimani kati ya mfumo na kifaa. Kiwanda kikiandika kwenye boksi kwamba kifaa ni cha Windows, maana yake ni kwamba kimeweka ndani ya boksi mkalimani anayejua Windows tu. Hakijasema kwamba wakalimani wengine hawapo. Linux huja na wakalimani wake wengi ndani ya kiini cha mfumo, wameandikwa na watu wengine kabisa, na wako tayari kabla hujachomeka chochote.

Kwa hiyo faili la setup.exe halikuhusu. Kulilazimisha lifunguke kwenye Linux ni sawa na kumwita mkalimani wa lugha usiyoizungumza. Swali la kujiuliza ni hili: je, mkalimani wa Linux amekiona kifaa changu?

Modemu inayojifanya CD

Zamani modemu iliuzwa pamoja na CD ya programu. CD zilipotea, na laptopu nyingi hazikuwa na mahali pa kuziingiza. Viwanda vikabuni ujanja: modemu yenyewe inabeba programu yake ndani, na ukiichomeka mara ya kwanza inajitambulisha kwa kompyuta kama CD. Windows inafungua hiyo "CD", inaweka programu, kisha programu inatuma ujumbe mfupi kwa modemu: acha kuwa CD, kuwa modemu. Hapo ndipo intaneti inapoanza.

Linux haiihitaji programu hiyo, inauhitaji ule ujumbe mfupi tu. Kazi ya kuutuma inafanywa na programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze. Ndani yake kuna orodha ndefu ya modemu za Huawei, ZTE na nyinginezo, na ujumbe ambao kila moja inausikia.

Anza kwa kutazama. Fungua terminali (bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja), andika neno hili kisha bonyeza Enter:

lsusb

Utaona orodha ya vifaa vyote vya USB. Chomeka modemu, subiri nusu dakika, andika tena. Mstari ulioongezeka ndio modemu yako. Kwenye modemu moja ya Huawei, kwa mfano, utakuta namba 12d1:1446. Sehemu ya kwanza, 12d1, ni kiwanda: ndiyo namba ya Huawei. ZTE ni 19d2. Sehemu ya pili ni hali ya kifaa kwa wakati huo. 1446 inamaanisha bado kinajifanya CD. Ujumbe ukikifikia, namba ya pili inabadilika, kwa mfano kuwa 1436, na hapo unajua kimegeuka modemu. Modemu yako inaweza kuwa na namba nyingine kabisa. Unachotafuta ni kama namba ya pili inabadilika baada ya muda mfupi.

Ikikataa kubadilika, huenda programu ya kutuma ujumbe haimo. Iweke hivi:

sudo apt update
sudo apt install usb-modeswitch modemmanager modem-manager-gui

Utaulizwa neno la siri la kompyuta. Unapoliandika huenda kisionekane kitu chochote, hata nyota. Wengi hufikiri kibodi imekufa. Haijafa, endelea kuandika na ubonyeze Enter.

Utasema: nitapakuaje programu kama intaneti ndiyo ninayoitafuta? Tumia simu. Unganisha simu ya Android kwa waya wake wa kuchajia, nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huitambua simu papo hapo bila draiva yoyote. Na kama bando lako la simu linatosha, pengine umegundua sasa hivi kwamba hukuhitaji kununua modemu.

Baada ya kuweka programu, chomoa modemu, ichomeke tena, na usiwe na haraka. Mpe mkalimani nusu dakika. Kisha andika:

mmcli -L

Ukiona jina la modemu, sehemu ngumu imekwisha. Ukiambiwa hakuna modemu, jaribu tundu jingine la USB, na uichomeke moja kwa moja badala ya kupitia waya wa nyongeza. Modemu hula umeme mwingi inapotafuta mnara, na huku kwetu mnara mara nyingi uko mbali. Matundu ya laptopu iliyochoka huishiwa nguvu, modemu inazimika na kuwaka, na mtu anailaumu Linux.

Kinachobaki ni kuunganisha. Bofya alama ya mtandao kwenye kona ya skrini, ongeza muunganisho mpya wa aina ya "Mobile Broadband", chagua nchi na kampuni ya laini yako. Utaulizwa APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni hiyo. Ukiona haikubali, weka laini ileile kwenye simu inayofungua intaneti, tazama APN kwenye mipangilio ya simu, uinakili herufi kwa herufi. Wakati laini iko kwenye simu, hakikisha pia imesajiliwa, ina bando, na haiombi PIN kila inapowashwa. Nimeona watu wakihangaika na Linux saa tatu kumbe laini ilikuwa imefungwa.

Kuna modemu za aina nyingine, hasa za Huawei zilizoandikwa HiLink. Hizi hazisubiri kuunganishwa kwa njia hiyo. Zikishageuka, kompyuta inaziona kama waya wa mtandao wa kawaida. Fungua kivinjari, andika 192.168.8.1, na utakuta ukurasa wa modemu yenyewe: APN, ujumbe na salio viko humo.

Wengi huikosa ile programu ya Windows kwa sababu ya kununulia bando na kusoma ujumbe. Modem Manager GUI, ambayo umeiweka kwa amri ya juu, inasoma SMS na kupiga namba za nyota na reli. Ikikusumbua, weka laini kwenye simu ununue bando, kisha uirudishe.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Modemu iliyofungiwa kampuni moja itakataa laini ya kampuni nyingine kwenye Windows na kwenye Linux vilevile.

Printa: hapa pesa zipo

Kwa mwenye kibanda, printa ndiyo mkate. Na hapa majibu yanatofautiana kutoka printa moja hadi nyingine, kwa hiyo soma jina lililoandikwa juu ya mashine yako, pamoja na namba zote.

HP ndogo za leza zilizotumika, kama LaserJet 1020, P1005 na P1102, zimejaa sokoni. Linux inazo programu za HP ziitwazo HPLIP. Ziweke:

sudo apt install hplip hplip-gui

Kisha washa printa na uandike hp-setup. Kwa printa hizi nilizozitaja, itakuambia kwamba inahitaji kitu cha ziada kinachoitwa plugin na itaomba kukipakua. Kubali. Watu hubofya kukataa, halafu wanashangaa printa inaonekana kwenye orodha lakini karatasi haitoki. Sababu ni kwamba 1020, kwa mfano, haina kumbukumbu ya kuhifadhi programu yake ya ndani. Kila unapoiwasha inaamka ikiwa imesahau kila kitu, na kompyuta ndiyo inayoikumbusha. Bila plugin hakuna wa kuikumbusha.

Plugin hiyo lazima ilingane na toleo la HPLIP. Ndiyo maana printa iliyofanya kazi mwaka mzima inaweza kunyamaza siku moja baada ya kompyuta kujisasisha. Usiite fundi. Andika hp-plugin, iache ipakue toleo jipya, uendelee na kazi.

P1102 ina ugonjwa wake: nayo hujifanya CD kama modemu, ili Windows ijiwekee draiva. Mara nyingi Linux huigeuza yenyewe. Ikigoma, nenda kwa jirani mwenye Windows, zima tabia hiyo mara moja kwa programu ndogo ya HP, na printa itakumbuka hata ukiirudisha kwako.

Canon za leza ni habari nyingine. LBP6030 inahitaji draiva ya UFR II LT, na Canon wenyewe wanatoa toleo la Linux kwenye tovuti yao, bure. Ipakue mahali penye Wi-Fi, uibebe kwenye flashi, uifungue, na uweke faili lenye mwisho wa .deb kwa amri ya sudo apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili bila nafasi katikati. Kwanza andika uname -m. Ukiona x86_64, chukua faili la 64-bit. LBP2900 ya zamani hutumia draiva nyingine, CAPT, ambayo ni ya siku nyingi na ina usumbufu mkubwa. Inawezekana, lakini kama hujainunua bado, mimi nisingeinunua kwa ajili ya Linux.

Epson za matangi ya wino, zile za L, ndizo rahisi zaidi kwa upande wa kuchapisha: draiva yake imo kwenye kifurushi cha printer-driver-escpr. Kwa upande wa kuskani, Epson wanatoa programu ya Epson Scan 2 kwa ajili ya Linux pia.

Kama bado hujanunua, beba laptopu yako hadi sokoni na uijaribu printa pale pale kabla ya kutoa pesa. Pia kuna tovuti ya OpenPrinting yenye orodha ya printa na hali ya kila moja kwenye Linux. Dakika tano za kuisoma ni nafuu kuliko kurudi kugombana na muuzaji.

Wine inasaidia wapi, na wapi haisaidii

Mtu akikuambia "weka Wine utafungua .exe", amesema nusu. Wine ni programu inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Inafungua programu, haiweki draiva. Draiva hukaa chini kabisa kwenye kiini cha mfumo, na Wine haifiki huko. Ukiweka draiva ya printa kwa Wine, utaona dirisha linasema imekamilika, na printa haitajua kitu. Usipoteze bando lako hapo.

Inaposaidia ni kwenye vifaa vinavyozungumza kwa waya wa siriali: vidhibiti vya chaji vya sola, redio za mkononi, baadhi ya vifaa vya mafundi wa simu. Waya hizo za USB huwa na kijichipu kama CH340, CP2102 au FTDI, na Linux inavijua vyote. Ukiuchomeka, kifaa hutokea kwa jina la /dev/ttyUSB0. Jiruhusu kukitumia kwa amri hii, kisha toka na uingie upya:

sudo usermod -aG dialout $USER

Wine huyapa matundu hayo majina ya COM kama Windows ifanyavyo. Andika ls -l ~/.wine/dosdevices uone ni COM namba ngapi, kisha uichague ndani ya programu yako.

Kwenye Ubuntu 22.04 kuna mtego. Unachomeka waya wa CH340, ttyUSB0 inatokea sekunde moja na kutoweka. Anayeichukua ni brltty, programu ya vifaa vya kusomea vya wasioona, inayodhani waya wako ni kifaa cha nukta nundu. Kuiondoa kwa sudo apt remove brltty kunamaliza tatizo. Lakini kama kompyuta ni ya maktaba au ya darasa, uliza kwanza kama kuna asiyeona anayeitumia.

Ikishindikana kabisa

Viko vifaa ambavyo havina mkalimani wa Linux. Hapo unaweza kuiendesha Windows ndani ya Linux kwa VirtualBox, kama kompyuta ndani ya kompyuta. Jiongeze kwenye kundi la vboxusers, toka uingie upya, kisha kwenye menyu ya USB uichague printa au modemu ili ikabidhiwe kwa Windows ya ndani. Inafanya kazi, lakini inataka RAM ya kutosha. Kwa laptopu yenye GB 4 utaona inapumua kwa shida, na yenye GB 2 usijaribu. Kuipakua Windows nako kunakula GB kadhaa za bando.

Kama kazi ni ya mara moja tu, kwa mfano kurekebisha kifaa au kuzima mpangilio fulani, nenda kwa mwenye Windows umlipe chochote. Si aibu. Chomeka kifaa chako tu, flashi yenye nyaraka za watu iache nyumbani. Jihadhari pia na zile programu za mafundi zinazopitishwa kwenye flashi na makundi ya WhatsApp, hasa zinazokuomba uzime kinga ya virusi kwanza.

Na kama baada ya yote umeamua kuhamia Windows, ni haki yako, mradi kompyuta ni yako. Ya mradi au ya shule haifutwi bila ruhusa ya aliyekukabidhi. Nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje, ifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine uone faili zinasomeka, ndipo umwite fundi.

Ukitaka kuomba msaada, kwetu au kwa kijana wa mtaani anayeijua Linux, usiandike "modemu haifanyi kazi". Andika jina la kifaa pamoja na namba zake, mstari wake kutoka lsusb, toleo la Linux yako (andika cat /etc/os-release), na maneno kamili ya ujumbe wa kosa unaouona. Piga picha ya skrini ukiweza, ila angalia kwanza hakuna hati ya mtu iliyofunguliwa nyuma yake.